Malalamiko Kuhusu Kamba Inayoanua Nguo Yenyewe

Kwako Bi. Waceke, Mwenye Ploti,
Ruiru.

Mama,

Nakusalimu kwa heshima zote, nikiwa mzima wa mwili lakini si wa roho. Mimi ni Githae, mpangaji wako wa chumba cha mwisho hapa Kamenu, yule ambaye ploti nzima humwita Guka, yaani Babu.

Tangu nistaafu kiwandani nimekuwa nikiketi mlangoni nikitazama mawingu. Tone la kwanza likianguka napaza sauti, "Nguo! Nguo!", halafu naanua za wote walioko kazini na kuwawekea nyumbani kwangu. Hakuna aliyeniajiri, lakini hakuna shati lililowahi kunyeshewa mbele ya macho yangu.

Sasa Auma, mpangaji mwenzangu, yule binti fundi wa kuchomelea vyuma anayefanya kazi huko kwenu Ruiru, ameamua kunimaliza. Malalamiko yangu ni haya:

1. Amebuni kamba inayoanua nguo yenyewe. Kamba imezungushwa kwenye rimu ya baiskeli, rimu imefungwa jiwe, na jiwe linashikiliwa na kipande cha karatasi ya tishu. Mvua ikinyesha tishu inalowa na kukatika, jiwe linaanguka, rimu inazunguka, na nguo zote zinakimbilia chini ya paa la bafu zikiwa kavu. Nilipomuuliza mimi nitafanya nini, alinijibu kwa upole, "Guka, wewe sasa relax tu." Mama, mimi sijui kurelax. Sikufundishwa.

2. Mlango wangu haubishwi tena. Zamani kila jioni walikuja kuchagua nguo zao kwenye kochi langu, na mtu anayetafuta soksi ya pili hawezi kukataa chai. Hapo ndipo nilipopata habari zote. Juzi niliona hema limesimamishwa kwa jirani yetu Bedan, nikavaa koti jeusi, nikaenda na uso wa huzuni, nikamshika mkono na kumwambia Mungu atampa nguvu. Ilikuwa harusi yake. Bibi harusi hajanisamehe. Inaniuma, Mama, na sitaficha.

3. Mvua imedharauliwa. Wiki jana ilikuja na ngurumo zake zote, na hakuna hata mmoja aliyetoka mbio. Tayari imeanza kunyesha kule Kalimoni na kutupita sisi. Ikihama kabisa, tutamshtaki nani?

5. Kama nilivyothibitisha kikamilifu katika nambari nne, hatari hii imevuka mipaka ya ploti. Auma hatakoma. Ametengeneza kifuniko cha sufuria kinachopiga mluzi maziwa yakikaribia kumwagika, kwa hivyo jirani yangu Mama Mitchell haombi tena mtu amwangalizie jiko. Kesho atabuni mlango unaomwamkia mwenyewe akirudi. Kesho kutwa tutazikwa na rimu ya baiskeli, bila jirani hata mmoja.

Kwa sababu hizo naomba uamuru kamba iondolewe. Ikishindikana, mhamishie Auma chumba kisicho na dirisha, maana nimechunguza nikaona mawazo yake huingia na mwangaza. Ikishindikana pia, basi ezeka ploti nzima kwa mabati, tuikose mvua wote.

Nisalimie Baba, wajukuu, yule ng'ombe wako mwenye madoa, na hata fundi wa mabomba uliyesema yuko njiani.

Ni mimi, mpangaji wako niliyenyimwa mvua,
Githae

Nyongeza: Nikiwa natafuta bahasha, mlango ulibishwa. Alikuwa Auma. Kumbe baada ya kila mvua lazima mtu afunge karatasi mpya, na yeye hushinda Ruiru. Ameivuta kamba mpaka mwisho wake ukafika barazani kwangu, na kunipa cheo cha Meneja wa Karatasi. Mawingu yalikuwa yametanda na tishu imekwisha, kwa hivyo nikachana karatasi iliyokuwa karibu, yaani ukurasa wa nambari nne. Ilishika jiwe vizuri sana, na mvua iliponyesha ikakatikia pale penye ushahidi usiopingika, na nguo za ploti nzima zikanijia mlangoni kwa kasi. Sasa wote wako humu ndani wanachagua, na Bedan amemleta bibi harusi atafute soksi. Tafadhali usiondoe chochote. Ila kama una vikombe vya ziada, vitume haraka. Wengine wanakunywa kwa zamu.