Hotuba ya Uzinduzi wa Kinu cha Kukamua Dhahabu Kwenye Simu Mbovu

Kabla sijaanza, iingie kwenye kumbukumbu kwamba katika jengo hili lenye ghorofa tatu, ngazi mbili na choo kimoja, hakuna binadamu anayeweza kuishika simu iliyozimika nayo ikaona aibu kuendelea kuzimika isipokuwa mimi, na kwamba yule aliyevumbua simu, laiti angenifahamu mapema, angekuja kuniuliza kwanza. (Makofi. Mtu apiga mluzi.)

Mheshimiwa Mlinzi wa Lango, ambaye bila funguo zake sote tungekuwa barabarani. Mheshimiwa Mwenye Mashine ya Fotokopi, mdau mkuu wa umeme wa korido hii. Waheshimiwa Mafundi wa Redio, Saa, Pasi na vitu vingine vya enzi zile. Mtukufu Muuza Dawa ya Panya, uliyetuazima kipaza sauti. Shangazi yangu mpenzi, Fundi Cherehani wa Meza Namba Saba, uliyenikatia nusu ya meza yako nianzie maisha. Mabibi, mabwana, na ninyi mlioingia kwa sababu nje kunanyesha: itifaki imezingatiwa, na kama kuna niliyemsahau, basi hakuwa muhimu. (Kicheko.)

Nasimama mbele yenu kwa kofia yangu ya Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Maajabu, Malighafi na Teknolojia ya Mkononi, cheo ambacho nilijiteua juzi baada ya mchakato shirikishi, wa wazi, uliokuwa na mgombea mmoja mwenye sifa zote, naye nilimsaili kwa ukali sana mbele ya kioo. Wapo wanaosema sikumaliza shule. Ni uongo. Shule ndiyo iliyonimaliza mimi, nikaona nisiilaumu, nikaondoka. (Kicheko kirefu.)

Ndugu wananchi, hebu tuingie kwenye dira. Babu yangu alikuwa mganga mashuhuri...

("Muache baba yangu apumzike!" asema Fundi Cherehani. Kicheko.)

Namsifu, Shangazi, namsifu! Babu alikuwa na kibuyu. Akikisugua, akikinong'oneza, anaongea na mtu aliye mbali, na sisi tunatetemeka. Leo kila mmoja wenu ana kioo mfukoni, anakisugua tangu anapofumbua macho, anakinong'oneza chooni, kikimwita anaruka hata kama ameshika sufuria ya moto, halafu mnasema uchawi umekwisha! Umekwisha wapi, umewekewa chaji tu. Na babu alikuwa muungwana. Masharti yake yalikuwa matatu, na ulikuwa unayasikiliza mpaka mwisho. Simu inakupa vigezo na masharti kurasa arobaini, na wewe, mtu mzima mwenye mji wako, unabonyeza "nakubali" hujasoma hata neno moja. Nani hapo karogwa? (Minong'ono. Mlinzi wa Lango airudisha simu yake mfukoni.)

Kitaalamu hii tunaiita sinerjia ya kimalighafi. Kile kioo ni mchanga uliopikwa ukapikika. Waya zake ni shaba, shaba ile ile ya bangili. Na juu ya ubao wake wa ndani wamepaka dhahabu, dhahabu ya kweli, nyembamba kuliko kope ya sisimizi. Kuna mtu aliingia shimoni kichwa mbele, akabeba mawe mgongoni mpaka shati likachanika, ili wewe umtumie mkweo picha ya paka aliyelala. Nimemaliza sehemu ya huzuni.

Kwa mujibu wa utafiti nilioufanya mwenyewe, nikauhakiki mwenyewe na kuupongeza mwenyewe, asilimia tisini na saba nukta nne ya kaya zina simu mbovu kwenye droo, pamoja na funguo zisizojulikana ni za wapi. Kwa muktadha huo, Mamlaka yangu iliwaomba mlete simu hizo. Mkaleta arobaini na moja. Nikaahidi kwamba kinu hiki kilichofunikwa shuka hapa nyuma yangu kitazikamua, na kila kaya itaondoka na pete. (Makofi makubwa. "Mimi nataka hereni!" asema Mwenye Mashine ya Fotokopi.) Hereni zimo kwenye awamu ya pili ya stratejia, mama, usiwe na haraka.

("Na yangu je? Yangu sikuleta ikamuliwe, nilileta itengenezwe!" asema Fundi Cherehani.)

Swali zuri sana, nalipokea, litajibiwa kimaandishi.

("Kimaandishi nini, we mtoto! Vipimo vya kwaya nzima vimo humo. Watu ishirini na wanne, Jumamosi wanafuata majoho yao, na kitambaa kiko mezani sijakigusa. Nikate kwa kubahatisha?")

Wananchi, mnamwona mdau anavyoumia. Ndiyo maana ya uongozi sikivu. Shangazi, siku uliponipa simu yako ulisema imegoma kupokea chaji, mimi nikaitazama kwa jicho la kitaalamu...

(Kipaza sauti chajiwashia tangazo la dawa ya panya: "Panya! Mende! Kunguni! Wote chali!" Kicheko. Muuza Dawa ya Panya aja kukipiga kofi.)

Asante, Mtukufu. Nikaitazama, nikatoa tamko kwamba imekufa. Simu sitini kati ya mia hufia mikononi mwa wenyewe na arobaini hufia mikononi mwangu, hizo ni takwimu rasmi, hazina hisia.

("Ulisema utavitoa vipimo hata kama imekufa. Uliapa hapa hapa, mkono juu ya cherehani yangu.")

Niliapa. Tusonge kwenye kaulimbiu. Nikisema simu mbovu, mseme dhahabu! Simu mbovu! ("Dhahabu!") Mchanga! ("Kioo!") Mamlaka! ("Hoyee!") Shangazi, mbona huitikii?

("Nakusubiri wewe.")

Basi nihitimishe kwa shukrani. Namshukuru Mlinzi wa Lango kwa shuka hili, na kwa ruhusa yake nalifunua. (Afunua. Ni boksi la jokofu, tupu, limepakwa rangi ya fedha. Kelele. "Tapeli!") Tulieni! Kinu hakipo, ni kweli. Hakikuwahi kuwepo. Mamlaka nayo ni mimi na kalamu. Simu zenu zimo guniani chini ya meza, kila moja na karatasi ya jina, sikufungua hata skrubu, kila mtu achukue yake kwa mstari. Nilitaka tu kusimama mbele ya watu wapige makofi. Mmepiga, nashukuru.

Zote zipo isipokuwa moja. Kabla sijatengeneza boksi niliamini kweli dhahabu inatoka, nikatafuta ya kujaribia, na ya Shangazi ndiyo iliyokuwa karibu, tena nilishaitangaza kuwa marehemu. Nikang'oa ubao wake nikauzamisha kwenye bakuli la tindikali ya betri. Dhahabu haikutoka. Ulitoka moshi, na ubao ukawa kama uji, vipimo vyako humo humo.

(Fundi Cherehani aketi juu ya robota la kitambaa.)

Lakini si hilo, Shangazi. Ingekuwa imekufa kweli, ningesema tumezika maiti. Nilibaki na ganda lake, nikawa nalichezea huku nimekaa, nikachukua sindano yako nikachokoa tundu la chaji. Zikaanza kutoka nyuzi. Nyuzi za vitambaa vyako, za buluu, nyeupe, za kila nguo uliyowahi kushona, zimeshindiliwa mle ndani kama godoro, waya wa chaji hauna pa kushika. Fundi yeyote angeanza na tundu. Hata mwenye kuuza maganda ya simu angeanza na tundu. Mimi nilianza na dhahabu. Simu yako haikuwa na ugonjwa wowote, Shangazi. Nilipoichukua, ilikuwa nzima.