Meza ya Cherehani Iliyokuwa Sakafu ya Boti

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Siku ya tatu bila mke. Sebule inatoa mwangwi. Yuko kwa kaka yake, ng'ambo ya bwawa. Kosa langu, kwa maelezo yake: nimeiharibu meza yake ya cherehani. Kuharibu! Nimefungua skrubu, nimetoa ubao, nimeacha miguu ya chuma salama ukutani. Pembe nne nilizikata, ni kweli. Kidogo tu, ziwe duara.

Boti ilihitaji sakafu. Mteja aliileta kibandani kwangu iwekwe kiraka, akasema atarudi jioni. Sasa ni miezi saba. Boti ya kujaza upepo, ya duara, ya watu wawili, rangi ya machungwa iliyopauka. Nikasema basi, nitavusha abiria. Bwawa zima anavusha shemeji peke yake, na injini yake, na kofia yake ya unahodha. Lakini chini boti ni laini, ukisimama unazama mpaka magotini. Ubao wa maana nyumbani ulikuwa mmoja. Mtu angefanya nini?

Cherehani yenyewe nimeiweka chini kwenye kona na kuifunika shuka. Inanitazama.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Kiraka. Kazi ya dakika kumi kwa fundi pancha wa miaka ishirini na miwili. Nikapasha chuma moto, nikabandika, nikakandamiza kama nifanyavyo kwa tyubu za baiskeli. Boti ikayeyuka! Tundu lililokuwa kama kucha likawa kama sahani.

Fundi viatu wa kibanda cha pili akaja kuangalia bila kuitwa. Akasema hiyo si mpira, ni plastiki, ina gundi yake. Nikamuuliza tangu lini watu wa soli wanawafundisha kazi watu wa upepo. Akarudi kwenye soli zake anacheka.

Nimekata pazia la bafuni. Plastiki kwa plastiki. Gundi ya tyubu makopo matatu, matofali juu yake hadi kesho. Sasa nikioga ninamwona jirani, na jirani ananiona.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Shemeji kaja, kofia kichwani, na ujumbe kutoka kwa dada yake. Amepewa nafasi kwenye karakana ya ushonaji kule ng'ambo, na chumba juu. Anatakiwa kujibu Jumamosi saa sita mchana. Nikifika kwa basi, lile linalozunguka bwawa, kabla ya saa hiyo, na meza yake, atarudi nyumbani. Nisipofika, atachukua chumba.

Shemeji akajitolea kunivusha mimi na meza, bure. Bure! Ndani ya boti yake! Nikamjibu kwamba nina usafiri. Akaitazama boti yangu chini ya matofali. Akavua kofia, kama yuko msibani. Kofia ya yule mtu ni matusi.

Mpango umekuja wenyewe. Meza itafika Jumamosi, na mimi nitafika nayo, nimesimama juu yake. Ataona meza, ataona boti, ataona mume. Basi halionyeshi mtu chochote.

Miaka kumi na tisa nimelalamikia kelele za cherehani ile. Leo jioni nilisogeza kiti karibu nayo. Sijui kwa nini nimeandika hili.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Kiraka kimeshika! Nimejaza upepo mpaka ukigonga boti inalia kama tairi la lori. Ubao umeingia ndani kwa kusukumwa na miguu, umekaa sawasawa. Lile tundu la kukalishia cherehani limepokea ndoo ya kuchotea maji kana kwamba limekatwa kwa ajili yake. Hata mke wangu atacheka akiona.

Fundi viatu kaona bawaba mbili za chuma upande wa chini wa ubao, zile za kuinulia kichwa cha cherehani. Akasema zing'oe, zitatoboa. Sing'oi. Ni za kwake, atazihitaji akirudi. Nimezivika soksi, moja kila bawaba. Nani mwingine angemfikiria mkewe hivyo?

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Niliondoka saa tatu asubuhi. Nilihesabu saa moja ya kuvuka. Boti ya duara haijui mbele. Ukipiga kasia kulia inazunguka kushoto, ukipiga kushoto inazunguka kulia. Shemeji akapita na abiria, akauliza kama nataka kamba. Nikasema ninapunga upepo. Akapita tena. Nikasema hivyo hivyo.

Karibu na saa sita jua likawa kali. Boti ikavimba, ikakaza. Nikafurahia ugumu wake. Kisha nikasikia sauti chini yangu, ndogo, kama mtu anachana kitambaa. Bawaba. Soksi hazikusaidia kitu. Kiraka cha pazia nacho kikaaga.

Mimi siwezi kuogelea. Sijawahi kumwambia mtu, wala kuandika popote. Nilipitisha mkono kwenye tundu la meza nikaukumbatia ubao. Maji yalikuwa baridi na hayana chini. Niliogopa kama mtoto. Nilimwita mke wangu. Aliyekuja ni shemeji, na si mara moja. Alikuwa ameshachoka kuuliza.

Tulifika saa saba na nusu, boti yangu ikiburutwa nyuma kama gunia tupu. Mke wangu alikuwa ukingoni. Akapokea ubao kabla ya kunipokea mimi, akapitisha kidole gumba kwenye zile pembe nilizozikata, moja moja, zote nne. Nikaanza kumweleza kuhusu bawaba.

"Nilikwambia upande basi," akasema. "Mpaka saa sita nilikuwa hapa hapa, nakuona unavyozunguka."

Akanipa taulo. Akaenda zake karakanani, maana alishawajibu.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Wamekuja asubuhi kuchukua cherehani, yeye na kaka yake. Waliibeba na shuka lake, huyu huku na yule kule, taratibu, kama wanatoa mgonjwa. Nguo zake zilitosha mfuko mmoja. Aliniuliza kama nakula. Nikasema ndiyo. Akafungua sufuria, akaona, akaifunika.

Miguu ya chuma waliichukua. Ubao alisema nibaki nao, huko kuna meza.

Nimekaa nikilitafakari jambo hilo mpaka mchana, na sasa nimeelewa. Mwanamke aliyekata tamaa na boti asingeacha sakafu yake! Hii ni ishara. Anasubiri nirekebishe.

Na kosa nimeshaliona. Ubao ulikuwa mdogo, ndiyo maana boti ilizunguka. Inatakiwa sakafu ndefu, yenye mwelekeo. Jumamosi ijayo nitavuka, nitamkuta ukingoni.

Nimepima mlango wa chumba cha kulala. Mbao ngumu, mrefu, hauna tundu hata moja. Bawaba nitazing'oa safari hii. Nao haufungwi tena. Niko peke yangu.