Mtandao Usiowaka Bila Mimi

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa nane

Nimepata kazi! Au tuseme, karibu niipate. Nimepata wiki mbili za majaribio, na mwisho wake kuna kontra, mkataba wa kazi wenye muhuri, Mungu akipenda na Madamu Candide akipenda zaidi. Mama huyu ana ofisi kule Kiriri, mtaa wa mlimani hapa Bujumbura, nyumba kubwa yenye maua mpaka barabarani. Kazi yake kupanga harusi za watu: ukumbi gani, viti vingapi, nani aingie saa ngapi. Yote yamo ndani ya kompyuta. Hapana, sijasema sawa. Yamo ndani ya kompyuta iliyo ndani ya kompyuta. Fundi wa zamani alichukua mashine moja kubwa, akatengeneza ndani yake mashine nyingine isiyo na mwili, akaweka humo mafaili yote ya harusi, kisha akahamia Kanada.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Umeme ukikatika na kurudi, mashine ya ndani inaamka lakini mtandao wake hauwaki. Ofisi nzima inakaa mikono mashavuni, hakuna anayeweza kufungua faili hata moja. Madamu aliniuliza kama naijua shida hiyo. Nikamwambia naijua nje ndani. Sijawahi kuiona maishani mwangu.

Lazima niipate hii kontra. Lisette, mke wangu, akiulizwa mume wake anafanya kazi gani, anajibu: "Iko anatafuta." Miaka miwili natafuta. Inaniuma, sifichi. Na kaka yake Fabrice ameshatangaza mbele ya ukoo: mwezi ukiisha mikono mitupu, niende nikaokote mayai kwenye banda lake. Kuku mia tatu! Na jogoo mmoja anayenichukia.

Jumanne, tarehe 5

Nimeanza na kebo. Nilijiambia, hata asiye na mwili lazima awe na kebo mahali fulani. Nyuma ya kabati nikaona waya mweusi wenye kutia shaka. Nikaufuata. Ukatoka dirishani, ukapanda ukuta. Nikauvuta kwa nguvu zote.

Kumbe waya wa televisheni ya jirani! Alikuwa anaangalia mpira, tena penalti. Alikuja na kandambili moja mguuni na nyingine mkononi. Anselme, zamu, yaani mlinzi wa pale getini, ndiye aliyemtuliza. Mzee mpole, huyo Anselme. Hana makuu wala hajui mambo ya kompyuta. Mtu wa namna hiyo hawezi kunisumbua.

Jioni nimempigia binamu yangu Ingrid, mhandisi wa mitandao wa kweli kweli, yuko Nairobi. Nilipofika kwenye habari ya kebo alicheka mpaka simu ikakatika. Akapiga tena, akanieleza polepole kama anavyoelezwa mgonjwa. Mashine isiyo na mwili ina kadi ya mtandao isiyo na mwili na kebo isiyo na mwili. Niangalie kwanza kama kadi ipo. Ikiwepo na imelala, niandike mstari mmoja wa kuiamsha. Halafu nifungue faili ya mipangilio, nione kadi imeagizwa ifanye nini mashine inapoamka. Nimeandika yote kwenye kiganja. Lisette aliniuliza kama nimeanza kujichora.

Alhamisi, tarehe 7

Ushindi! Kadi ipo. Imelala fofofo. Nikaandika ule mstari mmoja, nikabonyeza Enter, na mtandao huo! Raihana, sekretari, alipiga makofi. Madamu alinitengea kiti chenye mto.

Walipotoka nikafungua ile faili. Na pale nikaona ajabu. Kuna mahali panauliza: mashine ikiamka, mtandao uwashwe? Mbele yake pameandikwa no. No tu! Nikifuta no nikaandika yes, shida imekwisha leo na kesho na milele. Kidole kilikuwa tayari hewani.

Halafu akili ikanijia. Mgonjwa akipona, nani anamwita tena daktari? Nikiandika yes leo, kesho Madamu atanipa mkono, asante sana Astère, barabara ile pale. Na mwisho wa barabara ananisubiri jogoo. Nikafunga faili taratibu. No imebaki no. Sijawahi kuwa na akili kama leo.

Madamu akauliza kama mashine imepona. Nikasema imepata nafuu, ila ugonjwa wenyewe ni wa kurudirudi, kama malaria.

Ijumaa, tarehe 8

Umeme umekatika mara mbili. Nimeitwa mara mbili. Raha iliyoje kuitwa!

Isipokuwa tunakaa Gasenyi, mwisho kabisa wa mji kaskazini, na ofisi iko juu mlimani. Mafuta hakuna mjini wiki ya tatu sasa. Mabasi yamelala kwenye foleni pamoja na madereva wake. Pikipiki haziruhusiwi kuingia katikati ya mji, na hata zingeruhusiwa, zingeingia kwa kusukumwa. Nimepanda Kiriri kwa miguu mara mbili kwa siku moja. Safari ya pili nilipitwa na mbuzi.

Madamu aliniuliza kwa nini nisikae palepale siku nzima. Nikamwambia daktari halali kitandani kwa mgonjwa. Ukweli ni kwamba nikikaa siku nzima wataona sina kingine ninachokijua.

Jumatatu, tarehe 11

Hatari. Raihana amesema nakaa na mashine dakika moja tu, na hata yeye angeweza. Nimeona lazima kazi ionekane kazi. Kuanzia leo nina utaratibu. Kwanza, wote nje. Pili, mapazia yafungwe. Tatu, niletewe chai ya maziwa na maandazi mawili, kwa sababu mvuke wa chai unasaidia kuondoa vumbi. Nne, naweka kiganja juu ya sanduku la mashine, nahesabu kwa sauti hadi arobaini. Tano, nakohoa kwa nguvu ili mlio wa kubonyeza usisikike.

Mashine yenyewe inafunguliwa kwa jina la Laure, binti wa Madamu, jambo ambalo mpaka muuza ndizi wa barabarani analijua. Na hata mstari wenyewe siuandiki tena. Nimegundua nikibonyeza kile kitufe chenye mshale wa juu, mstari wa mara ya mwisho unarudi wenyewe. Mshale, Enter, basi. Vidole viwili vinamlisha mtu maandazi.

Anselme ndiye anayeleta chai. Anasimama dirishani, nje ya pazia. Pazia lina tundu, lakini yule anaona nini?

Jumatano, tarehe 13

Umeme mara nne! Ninatembea kama bata. Malengelenge matano, moja nimelipa jina la Madamu.

Anselme amenikera. Nilipotoka aliniambia kwa upole kwamba leo nimehesabu hadi thelathini na nane tu, na mashine imewaka vilevile. Nikamjibu kwamba mbili nilihesabia moyoni. Akatikisa kichwa kwa heshima. Simpendi tena.

Lakini jioni nimefika nyumbani nikasikia Lisette anamwambia jirani, mama Patricia, ng'ambo ya ua: "Bwana yangu iko anatibu mashine kule Kiriri. Bila yeye hakuna mutu anaoa mu hii muji." Nilisimama nyuma ya mlango na malengelenge yangu, machozi yakanilengalenga. Kwa neno hilo ningepanda mlima ule hata kwa magoti.

Ijumaa, tarehe 15

Sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Nimeenda misa. Kesho kuna harusi tatu kwenye mashine, na Jumatatu Madamu anaamua habari ya kontra. Nimeomba umeme ukatike kesho mara moja tu, asubuhi na mapema, niwe pale kama shujaa, halafu utulie. Nadhani ombi langu liko wazi.

Jumamosi, tarehe 16

Mungu wangu.

Asubuhi umeme ulitulia kama maji mtungini. Nikasubiri nyumbani. Saa nne ukakatika. Saa nne na nusu ukarudi, na Raihana akanipigia analia. Mtandao umelala, harusi tatu zimefungiwa ndani, hakuna anayejua familia ipi inaenda ukumbi upi, na Madamu amevua viatu. Akivua viatu ni vibaya.

Nikakimbia. Miguu ikakataa kabla ya barabara kubwa. Na hapo nikaona muujiza: basi lenye mafuta! Limepambwa riboni, limejaa watu wa harusi, linaelekea mjini. Nikapunga mkono. Kondakta akasema ni la ukoo wa bwana harusi peke yake. Nikasema mimi ni mjomba wake. Nikapewa kiti cha mbele kabisa.

Bibi mmoja aliyevaa mvutano, lile vazi la sherehe la akina mama, la rangi ya machungwa, alinitazama sana. "We uko mujomba wa upande gani?" Nikamwambia wa upande wa mbali. Akaguna.

Tulifika katikati ya mji, basi likasimama. Dereva hajui ukumbi! Wakapiga simu ofisi ya Madamu Candide. Jibu likaja kwenye spika, nikaitambua sauti ya Raihana: mashine haioni mtandao, wasubiri fundi, fundi yuko njiani. Basi zima likamlaani fundi. Bibi wa machungwa akasema fundi huyo ni mulevi, anaonekana tu. Ningefanya nini? Nikamlaani na mimi. Nilimlaani kuliko wote, mpaka kijana mmoja akaniomba nipunguze maneno, kuna watoto.

Nikajaribu kushuka. Wakanizuia. Mjomba anaenda wapi, na yeye ndiye atakayesema neno kwa niaba ya ukoo? Tulizunguka mji saa nzima na nusu, tukateketeza mafuta ambayo mji mzima unayalilia. Tulifika kwenye ukumbi wa kwanza, harusi ya wengine. Kwenye wa pili, mkutano wa maombi. Na mimi nipo pale mbele, mtu pekee katika Bujumbura anayejua dawa, nimebanwa kati ya bibi na keki.

Halafu simu ikalia. Raihana tena, anacheka: mtandao umewaka, ukumbi wetu ni ule wa karibu na ziwa. Basi likapiga vigelegele. Mimi peke yangu sikupiga. Umewashwa na nani?

Ukumbini walinisukuma mbele na kunipa maikrofoni. Nilisema bwana harusi nimemlea kwenye magoti yangu. Bwana harusi aliniangalia kama anaangalia moshi. Mjomba wa kweli akasimama. Nikatorokea mlango wa jikoni.

Jumatatu, tarehe 18

Ni Anselme! Raihana amenisimulia yote. Madamu alipokaa chini analia, Anselme aliomba ruhusa ajaribu. Akawatoa wote nje. Akafunga mapazia. Akaagiza chai ya maziwa na maandazi mawili, akayala. Akaweka kiganja, akahesabu arobaini kamili, siyo thelathini na nane. Akaandika Laure kwa kidole kimoja. Akakohoa. Mshale, Enter. Mtandao huo!

Madamu akamwambia arudie, aone. Akarudia na kikohozi chake. Ila safari hii aliubonyeza mshale mara nyingi, ukarudi mstari wa zamani wa kufungua faili, na faili ikafunguka. Madamu akasogea, akasoma. Akauliza hiyo no inafanya nini pale. Akaifuta mwenyewe, akaandika yes. Wakazima kila kitu, wakawasha. Mtandao ukawaka peke yake, hakuna aliyekohoa.

Leo aliniita. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu kuhusu malaria. Hakunipa nafasi. Akafungua droo ya meza, akanionyesha karatasi. Kontra, ina muhuri. Aliiandika tangu wiki ya kwanza, akaacha pengo la jina. Ndugu zake wawili wana ofisi zenye mashine kama ile, na alikuwa anamtafuta mtu atakayemaliza ule ugonjwa, siyo wa kuutuliza, ili ampe zote tatu. "Siku mashine ingelipona, hiyo siku ningeliandika Astère," alisema. Kwenye pengo aliandika Anselme. Mzee mwenyewe alikuwa anasema mi siko fundi, Madamu, mi niliangalia tu.

Niliona sura ya Lisette na mama Patricia ng'ambo ya ua. Nikalia, naandika ukweli, nililia mbele ya sekretari. Madamu ana moyo, Mungu ambariki. Alisema sasa getini hakuna mtu. Kama naweza kufungua na kufunga, nafasi ni yangu.

Nina kontra! Ya uzamu, lakini muhuri ni uleule. Nimempelekea Lisette. Ameisoma mara mbili, amecheka mpaka akakaa chini, kisha ameifunga kwenye kitambaa na kuiweka chini ya godoro. Kwa mama Patricia amesema niko kwenye usalama.

Jumatano, tarehe 20

Siku ya kwanza getini. Nimevaa koti la Anselme, linanifikia magotini. Yeye amepita na begi la kompyuta, amenisalimia vizuri tu. Kabla ya kuingia ndani alinipa kichupa cha mafuta. Alisema komeo la geti linakwama, nilitie tone moja kila wiki, halitanisumbua.

Nikalichunguza. Kweli linakwama. Lakini ukiliinua kwa bega na kulisukuma kwa goti la kushoto, linafunguka. Hakuna anayeujua ujanja huo isipokuwa mimi! Nimefikiri kidogo. Nimemwagia maua yale mafuta yote. Bila mimi hakuna atakayeingia wala kutoka, na sasa sina mlima wa kupanda, niko hapahapa. Safari hii nimefikiria kila kitu.

Saa tatu nilitoka kidogo kununua maandazi kwa mama wa kona. Upepo ukafunga geti. Nimegundua kwamba ule ujanja wa goti unafanya kazi kwa ndani tu, na kuwafundisha walio ndani ni sawa na kuandika yes. Naandika haya nimekaa nje, kwenye jiwe. Madamu yuko uani, ndani ya gari, anapiga honi, kuna bibi harusi ambaye misa yake ni saa nne, na Anselme anauliza kichupa kiko wapi. Wote wanaita Astère, Astère! Nani atathubutu kunifukuza sasa?