Drili ya Nasur na Kuta za Hajati Ramula

Nasur alikuwa amekwenda kwa jirani yake Waiswa kuomba kiberiti tu. Watu wa Bugembe wanaomfahamu wanasema hiyo ndiyo ilikuwa nia safi ya mwisho kuonekana kwake mwaka ule. Alimkuta Waiswa amechuchumaa uani, jasho linamtoka, anajaribu kuingiza biti, kile chuma cha kutobolea, kwenye drili kubwa ya kijani. Kila akiiingiza inadondoka. Anaiokota, anaipuliza, anaiingiza tena, nayo inadondoka tena.

"Imekataa," Waiswa akasema. "Tangu juzi napigana nayo. Iko kama ng'ombe asiyetaka kunywa dawa."

"Umeitoa wapi, bwana?"

"Niliiokoa."

Nasur akaitikia kwa heshima inayostahili. Vita vilipopita Jinja na viwanda vikabaki bila walinzi, raia wema wengi walikwenda kuokoa vitu visije vikaibwa, na mpaka leo hawajapata nafasi ya kuvirudisha. Tatizo ni kwamba siku ile kulikuwa na msukumano mkubwa mlangoni. Aliyekamata drili hakukamata biti zake, na aliyebeba biti hakujua drili imekwenda na nani. Watu walipotezana na jamaa zao mji mzima, na vyuma navyo havikusalimika.

Nasur aliichukua ile drili, akachungulia mdomoni mwake, akaelewa mara moja. Familia yake ilipokimbilia Juba, ng'ambo ya mpaka, wakati wa vita vilivyotangulia hivyo, alikuwa amefanya kazi na watu waliojenga madaraja, na hapo ndipo alipojifunza jambo moja la kweli, ambalo alilitunza vizuri kwa sababu hakuwa na mengine. Drili za kawaida zina mdomo wa meno matatu unaokazwa kwa ufunguo, nao hushika biti yenye mkia wa duara. Lakini drili nzito za zege, zile zinazozunguka huku zikigonga, zina mdomo wa tundu tupu, na hazikubali ila biti yenye mifereji mkiani. Waiswa alikuwa na drili ya zege na biti za duara. Angepigana nayo mpaka mvi zimtoke.

"Pole sana," Nasur akasema kwa sauti ya daktari. "Meno yote yameng'oka. Ona, mdomo mtupu."

"Kumbe ilikuwa na meno?"

"Kila drili ina meno, bwana."

Drili ikahama kwa mche wa sabuni, na Waiswa akashukuru. Biti za duara Nasur alimwachia, kwa ukarimu, azipigilie ukutani aning'inizie nguo.

Mchana huohuo Nasur alikuwa kwa Isabirye, fundi cherehani aliyekuwa ameokoa drili tatu ndogo za meno matatu, bado ziko kwenye katoni, pamoja na boksi zima la biti zenye mifereji. Drili zake nazo zilikuwa zikizitema biti hizo. Mtu mwema angewakutanisha mabwana hawa wawili, wabadilishane biti, kila mmoja awe na mashine inayofanya kazi, yeye anywe chai nyumba zote mbili. Nasur alilifikiria jambo hilo kwa muda wa kupiga chafya. Kisha akamwonyesha Isabirye ile mifereji.

"Unaona? Panya."

"Panya anakula chuma?"

"Panya wa kiwandani. Wamezoea."

Isabirye alikuwa mtu msomi, hakutaka kuonekana hajui mambo ya viwandani. Akakubali sukari, akatoa vyote.

Sasa mpango ulikuwa umekamilika, na ulikuwa mzuri kiasi kwamba Nasur alisikitika kutokuwa na mtu wa kumsimulia. Angekwenda Mbale, atoboe zege mbele ya mteja kwa ile drili ya kijani na biti ya mifereji. Mteja akishatoa macho, Nasur angesema drili ya kijani ni ya maonyesho, ila zipo tatu mpya kwenye katoni. Mteja angenunua ndogo tatu na boksi la biti zisizoingiana nazo. Kufikia wakati wa kufungua katoni, Nasur angekuwa Bugembe, anakunywa uji.

Na mteja alikuwepo. Hajati Ramula wa Namakwekwe, mtaa wa hukohuko Mbale, alikuwa anakarabati loji kwa ajili ya madereva wa malori ya misaada yaliyokuwa yakielekea kaskazini. Habari zake zilikuwa zimefika mpaka Jinja: mama huyo hajawahi kuona kitu cha bei rahisi akakiacha kilipo. Tapeli hahitaji kujua zaidi ya hapo.

Hajati alikuwa mama mfupi, sauti ya upole, tasbihi mkononi. Alimkaribisha Nasur uani, akamwagizia chai, akasikiliza maneno yote bila kumkatiza. Pembeni palikuwa na mabati mapya yamepangwa, yanameta. Nasur alipoyaona alipoteza sentensi katikati. Waliporudi kutoka Juba, walikuta nyumba ya mama yake imesimama kuta tupu. Paa nalo lilikuwa limeokolewa. Mama alikuwa analala chini ya turubai, na mvua ikinyesha anahamisha kitanda kutoka kona hii kwenda kona ile.

"Unayapenda mabati yangu?" Hajati akauliza.

"Ni mabati mazuri, Hajati."

"Mimi sina fedha, mwanangu. Ila hayo yamezidi. Kama mashine zako ni za kweli, utayachukua na gari nitakutafutia. Lakini nionyeshe kwanza. Mimi ni mwanamke, mambo ya vyuma siyajui."

Nasur akainama kuficha furaha. Umeme ulikuwepo siku hiyo. Akachomeka, akaingiza biti ya mifereji, ikaingia na kulia *tak*, akaegemea ukuta wa zege. Drili ikanguruma, vumbi likaruka, na biti ikazama kana kwamba ukuta ni papai bivu. Hajati akaingiza kidole kwenye tundu.

"Mashallah. Lakini labda hapa ukuta ni laini. Jaribu pale."

Pale palikuwa na alama ya msalaba wa mkaa.

"Watoto hao," Hajati akasema. "Kazi yao kuchora."

Nasur akatoboa pale. Hajati akataka kujua kama inaweza kutoboa tofali. Jikoni kulikuwa na tofali, na watoto walikuwa wamefika jikoni pia. Akauliza kama inaweza juu ya mlango, penye nondo. Akauliza bafuni, ambako ukuta ni mnene. Kila mara alikuwa na shaka ndogo, ya mtu asiyejua mambo ya vyuma, na kila shaka ilikuwa na chumba chake.

"Na ghorofani?"

"Zege ni zege, Hajati. Ya chini na ya juu ni moja."

"Wewe ndiye mtaalamu. Basi niache, nitafikiri mpaka mwezi ujao."

Nasur akapanda ghorofani. Alitoboa huku masikio yanalia, nywele nyeupe kwa vumbi kama za mzee wa harusi. Kila akichoka, alisogea dirishani kuyatazama mabati. Akilini alimwona mama yake amelala chini ya mabati hayo, mvua inapiga juu, na hakuna kinachohama. Akarudi kazini. Na kwa sababu kazi ikishakuwa nyingi huwa na tabia ya kumfundisha mtu, alianza kupiga matundu yaliyonyooka, yenye kina kimoja, akabadilisha biti nyembamba kwa nene kulingana na ukuta. Mara moja alijikuta anapuliza vumbi ndani ya tundu ili liwe safi. Hakuna aliyemwambia.

Alasiri chumba cha mwisho kilipokwisha, Hajati alimletea wali na maharage.

"Nimeridhika," akasema. "Sasa hizo za kwenye katoni."

Nasur alikuwa ameshika tonge la kwanza mtu alipoingia uani. Alikuwa mrefu, amevaa koti la jeshi, uso usiocheka. Hajati akasimama.

"Karibu, Afande Gaster."

Afande hakukaa. Akaizunguka drili ya kijani, akaigeuza kwa mguu, akainama kusoma namba iliyogongwa kwenye ubavu wake.

"Mali ya kiwanda," akasema. "Tunatafuta hizi Jinja yote. Ni za nani?"

Tonge likabaki hewani. Nasur alikuwa amewahi kudanganya mashekhe, makarani na mjomba wake aliyekuwa mahututi, lakini mbele ya lile koti alipata uongo mmoja tu.

"Sio zangu, afande."

"Za nani?"

"Nimezikuta hapa. Mimi nilikuwa napita tu."

"Ni kweli," Hajati akasema kwa upole. "Alikuwa anapita. Kijana mwema, akanisaidia kutoboa."

"Unaitwa nani?"

"Nasur, afande."

"Nasur," afande akarudia polepole. "Wa wapi?"

"Bugembe."

Miaka ile jina kama hilo lilikuwa na uzito wake, kwa kuwa liliwakumbusha watu askari wa serikali iliyopinduliwa. Watu waliolisikia waliuliza baba yako alikuwa kikosi gani kabla ya kuuliza umekula. Kaka yake Nasur aliulizwa hivyo kwenye kizuizi cha barabarani, akapandishwa kwenye lori, na nyumbani hawakumwona tena. Nasur aliyatazama mabati, kisha akatazama geti. Geti ndilo lilikuwa karibu.

"Basi kama zako sio, nenda," afande akasema. "Mwenyewe akija, atatukuta."

Hajati alimsindikiza mpaka nje, akamfungia mandazi kwenye gazeti, akamwombea safari njema.

Lori la mahindi lilimbeba mpaka Busiu, likapasua gurudumu. Nasur akashuka, akaketi kwenye kibanda cha ndizi za kuchoma, vumbi la zege bado kichwani. Benchi lilikuwa na mtu mwingine, mnene kidogo, kucha zake zina rangi ya samawati. Aliliangalia lile vumbi la kichwani kwa Nasur.

"Umetoka kwa Hajati," mtu yule akasema.

"Hajati yupi?"

"Mimi ni Masaba. Nilimpelekea rangi ya magendo, nusu yake maji. Akaniambia nimwonyeshe kama inashika ukutani." Akainua kucha zake. "Vyumba vyote. Mpaka dari."

Nasur akaacha kutafuna.

"Mwenye vioo alitangulia," Masaba akaendelea. "Aliambiwa aonyeshe kama vinaingia kwenye fremu. Nyumba ile yote, ndugu yangu, imejengwa na matapeli. Tangu msingi."

"Lakini mimi alinijia afande."

"Mrefu? Koti la jeshi? Gaster huyo ni fundi wa bomba, shemeji yake. Kwangu alikuja kama mtu wa forodha. Alikuwa anangoja mtu wa kumtobolea kuta apitishe mabomba yake."

Nasur aliinamisha kichwa, vumbi likamwagika juu ya ndizi. Hasira ilikuja, ikakaa kidogo, ikashindwa kujua imshike nani. Kilichomuuma ni mabati tu. Akamwona mama yake anasukuma kitanda.

"Ila mashimo yako nimeyaona," Masaba akasema. "Leo nimepita kudai makopo yangu, wewe ukiwa ghorofani. Yamenyooka."

"Na rangi yako," Nasur akasema bila kupenda, "imeshika."

Wakala ndizi. Upande wa pili wa barabara dereva alikuwa anapiga gurudumu kwa nyundo, na wakulima wamesimama kumshauri.

"Sasa anataka umeme uingie kila chumba," Masaba akasema. "Anauliza kama kuna mtu ana nyaya za bei rahisi, aje amwonyeshe. Mabati bado yapo uani. Mimi ameniahidi bati moja kwa kila mtu nitakayempelekea."

Nasur akamkumbuka binamu yake Faruk, aliyemuuzia saa isiyo na kitu ndani na bado anaisimulia kwenye harusi za watu. Faruk alikuwa anajiita fundi umeme.

Akajipangusa vumbi usoni, akamsogelea Masaba kwenye benchi.

"Bati ngapi ulisema?"