Barua za Kodi Chini ya Kuku

Jumatatu, 2 Juni

Mnunuzi amepatikana! Mwalimu Mercyline, naibu mkuu wa shule moja ya wasichana, mtu wa Vihiga. Amefika hapa kwetu Kamakwa, Nyeri, saa nne kamili. Akagonga kuta. Akafungua mifereji yote. Akapanda kiti akachungulia dari. Nimeishi humu miaka ishirini na sijawahi kuikagua nyumba hivyo.

Tumekubaliana milioni nne. Ndiyo bei ya shamba la mzee Mwai kule Wamagana, linalopakana na kwa mama mkwe. Mzee amesema atatungoja mpaka mwisho wa mwezi, basi. Mke wangu Wachuka ameshapanga pa kupanda sukuma na pa kuweka tangi la maji.

Mwalimu akauliza kuhusu kodi ya ploti, ile ya kaunti. Nikasema iko sawa. Mara ya mwisho kuilipa binti yetu Shiro alikuwa nasari, sasa yuko chuo. Barua zao natandika kwa kiota cha kuku. Karatasi nzuri, inashika joto.

Ati sasa wametangaza msamaha: ukilipa deni kabla ya tarehe thelathini, faini inafutwa. Mimi sidanganyiki. Wakifuta faini mwaka huu, mwaka ujao watafuta deni lenyewe. Ni kungoja tu.

Jumanne, 3 Juni

Jirani Theuri amenong'ona kupitia ua. Ati wathamini wa kaunti wanapita Kamakwa Alhamisi, kuandika upya thamani ya kila ploti.

Nimepata wazo hata chai ikapoa. Wakikuta nyumba ya maskini, kodi itashuka. Na kodi ikishuka, deni la zamani litapigwa hesabu upya! Wachuka akasema niende kwanza ofisini niulize. Kuuliza ni kwa watu wasio na mpango.

Jumatano, 4 Juni

Kazi nzito. Nimeng'oa gata za mbele, zile za maji ya mvua. Nimefunika vigae vya veranda kwa mabati ya kutu. Nimepaka matope ukuta niliopaka rangi Desemba. Theuri amenikopesha mbuzi, nimemfunga mlangoni pa sebule.

Wachuka alibeba kiti akaenda kukaa chini ya parachichi, akanitazama hadi jioni. Huyo mwanamke ana subira ya ajabu.

Alhamisi, 5 Juni

Mthamini amekuja. Kijana mmoja wa Machakos, anaitwa Kyalo, mpole sana. Akatazama barabara. Akatafuta mawe ya mpaka, yote manne, akapima, akaandika. Mwandiko safi kama wa mwaliko wa harusi. Nyumba hakuiangalia.

Nikamwonyesha matope. Nikamwonyesha mbuzi. Akanieleza kwa heshima kwamba kodi yao inafuata ardhi peke yake. Hata nijenge ghorofa kumi, au nilale kwa hema, ni ile ile. Akaniambia pole, mzee.

Hapo ndipo lango lilipofunguka. Mwalimu Mercyline, na fundi wake! Nilikuwa nikimtarajia Jumamosi. Akauliza nyumba imepatwa na nini kwa siku tatu. Nikasema mvua. Fundi akatazama juu, jua kali, akakohoa. Mwalimu akaandika kitu kwa daftari lake, kisha akamuuliza Kyalo ofisi ya kodi inafungwa saa ngapi.

Ijumaa, 6 Juni

Saa tatu asubuhi mwalimu alikuwa mlangoni na karatasi ya kaunti yenye muhuri. Deni 71,000. Faini 118,000. Jumla 189,000. Akanikumbusha kwamba bila cheti cha kaunti kuonyesha ploti haidaiwi, hati haiwezi kubadilishwa jina. Akauliza nitafanyaje.

Nikajikuna kidevu. Nikaona njia. Nikamwambia apunguze zote 189,000 kwa bei, kisha yeye ndiye apange foleni alipe. Nimemtwika mzigo wote na nimekaa tu kwa kiti! Akakubali haraka sana. Akaongeza sharti moja, kwamba nipake nyumba rangi na nirudishe gata. Tukaenda kwa wakili tukatia sahihi.

Wachuka alipoona karatasi, akauliza polepole kama nimesahau msamaha.

Jumamosi, 7 Juni

Nilikuwa nimesahau msamaha.

Mwalimu amelipa jana hiyo hiyo. Amelipa 71,000. Zile 118,000 za faini yangu, nilizozikuza kwa miaka mingi, zimebaki kwa mkoba wake. Nimepiga hesabu mara tatu nikiwa na brashi mkononi juu ya ngazi. Ni kweli. Nikashuka, nikampigia simu, nikampongeza. Akasema asante, Baba Shiro, na nisisahau ukuta wa nyuma. Huyo ni mwalimu. Nyeri haijawahi kupata akili kama hiyo, na nimeiuzia nyumba mimi mwenyewe.

Shida ni mzee Mwai. Hapunguzi hata ndururu. Tumepungukiwa na 189,000.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya kanisa Wachuka akanipa bahasha. Pesa za chama chake cha akiba, miaka sita. Zilikuwa za tangi la maji. Ati kwanza shamba, maji atabeba kutoka mtoni. Hakunigombeza. Akanishika tu mkono, akasema anataka kuzeekea karibu na mama yake.

Niliona aibu kubwa. Ilidumu mpaka saa nane hivi. Nilioa mtu aliyenizidi.

Alhamisi, 14 Agosti

Wamagana. Hati imetoka kwa jina letu! Wachuka ameimba tangu asubuhi, hata akienda mtoni. Nimemhurumia, nikampelekea mtungi wa pili.

Theuri naye anauza nyumba. Amepiga simu kuomba ushauri kuhusu kodi. Nimemwambia siri: yule mthamini hapimi nyumba, anapima ardhi. Kwa hivyo matope asipake ukutani. Ayamwage kwa ploti.

Saa kumi barua ya kwanza ya kodi ya hapa imefika, 1,200 tu. Wachuka akasema nilipe kesho. Nikasema ndiyo. Kisha nikaenda nyuma. Kuku mwekundu ameanza kuatamia, na kiota chake hakikuwa na matandiko.

Mwaka ujao watasamehe.