Ombi la Kuondolewa Umaarufu

Kwa Mkurugenzi wa Masoko,
Kampuni ya Michezo ya Mezani.

YAH: MALALAMIKO JUU YA MCHEZO WETU KUPENDWA NA KILA MTU

Ndugu Mkurugenzi,

Kichwa cha barua kinajieleza, lakini nitakieleza tena kwa kuwa nimeambiwa wakubwa huanza kusoma katikati.

Mimi ni fundi wa meno bandia. Kwa miaka kumi na moja, kila Jumamosi mchana, mimi na wenzangu watatu tumecheza mchezo wenu katika chumba cha nyuma cha karakana yangu, kati ya jiko la kuyeyushia nta na rafu ya vinywa vya plasta vya wateja. Kwa wale wa ofisini kwako wanaouuza bila kuucheza: mmoja husimulia kisa, wengine kila mtu huwa mhusika ndani yake, na dadu huamua nani apone. Msimulizi wetu ni karani wa mahakama. Dereva wa basi la shule ni shujaa asiyeogopa chochote isipokuwa ngazi. Mshonaji, mama mjane wa makamo, ni mwizi, tena mwizi hodari. Mimi ni mganga. Majoka yetu nimeyachonga mwenyewe kwa plasta inayobaki kazini, na yote yana meno mazuri.

Muda wote huo hatukumsumbua mtu, na watu walitusumbua kwa kiasi tu. Tulikuwa na amani. Sasa malalamiko yangu ni haya:

1. Fulana. Mmechapa joka kwenye fulana, vikombe, mashuka, na sasa dawa ya meno. Juzi alikuja mteja kupimwa meno ya juu, kifuani ameandikwa "Mchawi wa Ngazi ya Ishirini". Nilimuuliza kwa heshima amefikaje huko, maana ngazi hupandwa kwa kucheza, na mimi kwa miaka kumi na moja nimefika ya tisa. Akanijibu kuwa alinunua fulana mbili, hiyo akapewa ya nyongeza. Nikampima vibaya, ikabidi arudi kesho yake. Usumbufu alioupata uandikwe kwenu.

2. Dada yangu mkubwa. Huyu anafanya kazi benki. Miaka ile tulipoanza, aliwaambia wakwe zangu kwamba Jumamosi huwa naenda kwenye matibabu, akawaomba wasiniulize. Mpaka leo mama mkwe hushusha sauti anaponisalimia. Mwezi uliopita benki yao ilifanya semina hotelini, wakagawiwa dadu zenu na kofia za karatasi, dada akafanywa malkia wa kitengo cha akiba. Akaja moja kwa moja nyumbani kwangu, akanikalisha kwenye kochi langu mwenyewe, akanifundisha jinsi dadu ya pande ishirini inavyorushwa. Nilimsikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza, "Mbona hukuwahi kuniambia kuwa ni kitu cha maana?"

"Nilikuambia, dada."

"Uliniambia, ndiyo. Lakini kilikuwa bado hakijawa na maana."

Naomba idara yako, ambayo ndiyo iliyokipa maana, inisaidie jibu la kumpa.

3. Picha ya tangazo. Mmeitundika kwenye ukuta unaotazamana na karakana yangu. Vijana watano wamesimama, midomo wazi, dadu iko hewani. Mimi huanza na meno: yote ni yao, na hakuna hata moja lililowahi kusagwa kwa mawazo. Katika picha ile hakuna anayejumlisha kwa vidole. Hakuna aliyesinzia kama dereva wetu, anayeamka alfajiri kuzungukia watoto wa watu. Hakuna waliobishana dakika arobaini kama mbuzi anaweza kupanda ngazi ya kamba. (Hawezi. Karani aliamua, na rufaa hakuna.)

4. Meza. Hili lilistahili kuwa la kwanza, ila nilitaka kwanza nitulie. Maofisa wenu wawili walikuja na kamera wakisema wanatafuta "wachezaji halisi". Mshonaji alijishonea gauni la kijani kwa ajili ya siku hiyo. Walitupiga picha saa tatu nzima, wakatushukuru, wakaiazima meza yetu kwa ajili ya maonyesho. Ile picha ya vijana ilipotundikwa, niliitambua meza kwa ile alama ya kuungua kwa nta. Meza imekuwa maarufu, sisi tumeondolewa. Mshonaji hupita chini ya picha ile kila asubuhi na hainui kichwa. Gauni hajalivaa tena.

Mlituletea fulana nne, zote saizi ya mtoto. Pia mlimletea karani karatasi ya kukubali kwamba mfalme wake kilema, aliyemtunga mwenyewe, ni mali ya kampuni. Aliisoma mara mbili, akaikunja, na Jumamosi ile akashindwa kusimulia. Alisema, "Nikifungua mdomo naona kama natumia kitu cha watu." Tukakaa sakafuni, maana meza mnayo ninyi.

5. Dada, tena. Siku hizi anakuja kila Jumamosi. Hakuna aliyemwalika. Alikuja na meza ya kukunja kutoka kwake, akaketi, na ndani ya nusu saa mhusika wake akatumbukia kisimani akafa. Dada akatoka nje. Tulimkuta barazani akimlilia mtu aliyeishi dakika ishirini na tano. Tangu hapo huwahi kufika kuliko mimi, na huuliza maswali mengi kiasi kwamba karani ameanza tena kusimulia, bila ya kutia sahihi popote. Naliweka hili kwenye malalamiko kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kikamilifu kumchukia.

Kwa hayo, naomba yafuatayo. Fulana isiuzwe kwa yeyote asiye na barua za ndugu watatu waliowahi kumwonea aibu, zenye mhuri. Ngazi zisitolewe kama nyongeza. Meza irudi. Na ikiwa umaarufu hauwezi tena kuondolewa, basi mtutumie watu wa kutucheka kila Jumamosi, kama zamani. Viti tutatoa sisi.

Nisalimie wote ofisini, hasa yule mpiga picha aliyekuwa ameshika shavu. Aje nimtazame. Jino halina kosa.

Wako katika ngazi ya tisa,
Fundi wa Meno

Nyongeza: Wenzangu nitawapa nakala ya barua hii, ila kipande hiki nitakikata. Mwaka jana mlipokea barua isiyo na jina, yenye picha sita za karakana, ikiwasihi mje kwa sababu kuna watu wanne ambao ulimwengu haujui unachokikosa kwao. Niliiandika mimi. Tafadhali mshonaji asijue. Na mkihitaji picha nyingine, tupo kuanzia saa nane, na gauni lipo.