Wanataka Maombi

Jumatatu, 4 Machi

Ijumaa kesi. Faili sina! Liko kwa wakili wangu wa zamani, niliyemfukuza mwezi uliopita kwa sababu alipiga mwayo nikimsimulia mama alivyotuachia nyumba. Alipiga mara mbili. Wa kwanza nilimsamehe.

Wakili mpya, binti wa miwani mikubwa, kasema bila faili hatuna kitu. Hati, picha, maelezo ya majirani, vyote vimo humo. Tukishindwa, zuio la mahakama linaondolewa na kaka yangu anaibomoa nyumba ya mama ajenge maduka.

Nikaenda kwa yule wa zamani, ambaye sasa namwita Wakili Miayo. Katibu muhtasi wake, mwanamama wa sauti laini, kanitazama kwa huruma. Kasema suala langu linahitaji maombi tu.

Maombi! Yaani kesi yangu imefikia kuombewa, kama mgonjwa aliyekatiwa tamaa! Nikamwambia akajiombee mwenyewe, nikatoka kwa hasira na kubamiza mlango nyuma yangu. Ukawa mlango wa choo. Nikakaa humo kidogo kulinda heshima.

Jumanne, 5 Machi

Nimeamka na akili. Mkaguzi wa mitungi ya kuzimia moto! Nani amzuie mkaguzi? Koti la shemeji, kofia mpaka kwenye nyusi, kalamu sikioni. Mpango: nakagua mtungi wa chumba cha mafaili, nachukua changu, natokomea.

Katibu muhtasi kanikaribisha vizuri mno. Kasema mtungi wao wana shaka nao, hebu niujaribu. Nikabinya. Lahaula! Unga kila mahali, hata meza sikuiona, sembuse faili. Nikatoka mweupe pe, napapasa ukuta. Mlangoni kaniuliza kwa upole kama safari hii nimekuja na maombi.

Mke wangu kanipangusa masikio. Kisha kasema kwa nini nisimwulize yule mama wa ofisini, maombi gani. Nikamjibu mambo ya sheria aniachie mimi.

Jumatano, 6 Machi

Leo sikwenda popote. Uongo. Nilipita kwenye nyumba ya mama.

Kaka alikuwa uani na fundi, wanapima kuta. Chumba cha mama kiko wazi. Kwenye kitasa bado kuna kile kitambaa alichokifunga ili mlango usigonge kwa upepo na kutuamsha. Tulilala kitanda kimoja mimi na kaka, mzungu wa nne, miguu yake usoni kwangu miaka yote.

Kanisalimu. Nilitaka kuitikia, wallahi nilitaka. Salamu ikanikwama, na nilipoipata nilikuwa nimeshafika barabarani. Inaniuma hadi sasa.

Alhamisi, 7 Machi

Wanataka maombi? Wayapate! Nimemchukua shangazi, ambaye akiombea chakula, chakula kinapoa. Nimemwambia kuna ofisi ina shida. Hakuuliza ofisi gani. Alivaa viatu.

Tukaingia. Nikatangaza kwa sauti kwamba maombi yaliyotakiwa yamefika. Shangazi akapiga magoti katikati ya wateja, akaanza. Akawaombea mawakili wote. Akawaombea waongo wote. Akarudi kwa mawakili. Mteja mmoja akalia, mwingine akatubu jambo ambalo wakili wake alikuwa anamtetea kuwa hakulifanya. Wakili Miayo mwenyewe akatoka ndani, akasimama ameinamisha kichwa, na shangazi alipomaliza akawa wa kwanza kusema amina.

Ndipo katibu muhtasi akanieleza, taratibu, kama anavyoelezwa mtoto. Maombi ya maandishi. Karatasi moja: mimi fulani, naomba faili langu, sahihi. Basi! Kumbe kila mtu ukumbini alikuwa anajua, hata shangazi. Shangazi kasema yeye alidhani sala zake ni nyongeza.

Nikaandika palepale. Lakini faili liko stoo ya mtaa wa pili, na mtunza stoo alikuwa ameshafunga kwa siku hiyo. Kesho anaanza likizo, anarudi Jumatatu. Laiti ningeuliza Jumatatu ile! Wakili Miayo kanipa pole. Kasema siku ile ya miayo alikuwa ametoka kumuuguza mama yake. Sikujua nitazame wapi.

Ijumaa, 8 Machi

Tumeanguka. Wakili mpya aliomba kesi iahirishwe. Hakimu kasema imeahirishwa vya kutosha kwa ajili yangu. Zuio limeondolewa.

Nje kaka akanishika bega. Kasema, mdogo wangu, kile chumba cha mama naweza kukiacha, maduka yakazunguka. Niombe tu. Tangu tumzike hujaniomba hata maji.

Nikamwambia mimi si ombaomba, tutakutana kwenye rufaa. Akaondoa mkono. Nimekaa kwenye benchi la mahakama mpaka mfagizi akanitaka ninyanyue miguu. Mjinga mimi! Neno moja tu.

Jumanne, 12 Machi

Faili limepatikana! Mke wangu alilifuata jana kwa maombi yangu, akakabidhiwa pamoja na salamu za kumpelekea shangazi. Nikalipeleka mbio kwa wakili mpya, twende rufaa. Kalisoma, kavua miwani, kaniambia nyumba ile dawa yake si mahakama, ni kwenda kwa kaka yangu leo hii. Anifundishe undugu, binti mdogo vile! Nimemfukuza kazi hapo hapo, nikatoka kwa heshima zote. Mlango sahihi safari hii.

Nimefika nyumbani ndipo nikakumbuka. Faili limebaki mezani kwake.

Nikapiga simu. Kasema hana neno, nilete maombi. Mke wangu kaniwekea karatasi na kalamu. Nimeandika "Naomba". Nikakata. Nikaandika "Nadai". Nikachana. Mtu aliyemfukuza wakili asubuhi hamwombi jioni. Isitoshe, ofisi yake iko ghorofa ya kwanza, na dirisha lake halifungi vizuri. Nimelichunguza.

Iliyokosekana ni ngazi tu. Nikaenda kwa mama, maana mafundi wa kaka wanayo ndefu, na paa limeshashuka lote, hawaihitaji tena. Chumba chake kilikuwa kinaingia jua. Kaka alikuwa amekaa kwenye kizingiti, kile kitambaa mkononi, ananitazama. Nikampita, nikamwendea fundi, nikamwambia fundi, samahani, naomba ngazi. Akanipa palepale, hata hakuuliza ya nini.